Njia nne za kuwabana wanaonunua wasichana waliolanguliwa: kikundi cha mtaa Nairobi kianze na ipi?

Nairobi haina upungufu wa vikundi vinavyotaka kufanya jambo kuhusu wasichana wanaoletwa mjini kwa ahadi ya kazi ya saluni, hoteli au ulezi wa watoto, kisha wakajikuta wamefungiwa chumbani na kuuzwa kwa wanaume. Kuna vikundi vya wazazi, vijana wa kanisa na msikiti, kamati za wakazi, vyama vya kina mama. Wengi huanza na uokoaji, na uokoaji ni lazima. Ila msichana mmoja akitolewa kwenye nyumba, mwingine huletwa kujaza nafasi yake maadamu wanaume wanaolipa wangalipo. Habari zikitangazwa, tunaambiwa umri wa msichana, alikotoka na jinsi ajenti alivyomdanganya. Waliolipa hawatajwi, kana kwamba pesa hizo zilitoka hewani.

Hapa ninalinganisha njia nne za kuwafikia hao wanaolipa, kwa ajili ya kikundi chenye watu wachache, pesa kidogo na mwaka mmoja wa kujitolea. Kila njia nimeiuliza maswali matatu. Je, inamgusa mwanamume anayelipa? Inamwacha msichana katika hali gani? Na je, watu wa kawaida wa mtaa wanaweza kuifanya bila kungoja serikali?

Wajibu wenyewe si jambo la kubuni. Itifaki ya Palermo ya mwaka 2000, mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu ulanguzi wa binadamu, ambayo Kenya ilijiunga nayo mwaka 2005, inazitaka nchi zipunguze soko linalochochea ulanguzi wa wanawake na watoto. Bunge letu lilipitisha Sheria ya Kupambana na Ulanguzi wa Binadamu mwaka 2010. Sheria hiyo inamkaba anayemtafuta msichana, anayemsafirisha, anayempokea na anayemficha: kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Kuhusu mwanamume aliyelipa nusu saa na kuondoka, imenyamaza.

Kabla ya kuchagua, ondoeni picha moja vichwani: ile ya mzungu mzee ufukweni. Utafiti wa UNICEF na serikali kuhusu unyonyaji wa kingono wa watoto Pwani, uliotolewa mwaka 2006, ulionyesha kwamba zaidi ya theluthi moja ya waliowanunua wasichana walikuwa Wakenya. Hiyo ilikuwa Pwani, penye watalii tele. Nairobi mnunuzi anaweza kuwa mtu mnayepanda naye lifti kila asubuhi, mnayechanga naye harambee. Njia yoyote inayomlenga mgeni peke yake inamwachia huyo jirani uwanja mzima.

Njia ya kwanza: msako

Hii ndiyo iliyozoeleka, na nitaipitia haraka kwa sababu naona haifai. Gari la polisi au la askari wa kaunti hushuka Koinange Street au River Road usiku, wanawake wakapakiwa, asubuhi wakasomewa shtaka la kuzurura kwa nia ya ukahaba chini ya sheria ndogo za jiji. Wanaume waliokuwa wakisimamisha magari kandokando ya barabara wamekwisha kwenda zao nyumbani.

Aliyelanguliwa hupakiwa gari hilohilo. Sheria ya 2010 inasema wazi kwamba mwathiriwa wa ulanguzi hawajibiki kwa kosa lililotokana na kulanguliwa kwake, wala kwa kuwa nchini bila kibali. Ulinzi huo hauna kazi ikiwa hakuna anayemuuliza alifikaje pale. Na ajenti akija kumlipia faini, ile faini inaingia kwenye deni analodaiwa msichana. Msako unakuwa umemwongezea mlanguzi kamba ya kumfungia. Kikundi chenu kisiombe OCS, mkuu wa kituo cha polisi, afanye msako. Kiombe kitu kingine.

Njia ya pili: kudai sheria ya kumwadhibu mnunuzi

Hapa pana mengi, kwa sababu nchi nyingine zimekwisha jaribu na matokeo yako wazi kwa kila mtu kuyapima. Ndani ya njia hii kuna chaguo tatu ambazo watu huzichanganya.

Chaguo la kwanza ni la Sweden. Tangu tarehe 1 Januari 1999, kununua ngono huko ni kosa, kuuza si kosa. Mwanamke haadhibiwi, mwanamume anaadhibiwa. Norway na Iceland zilifuata mwaka 2009, Ufaransa mwaka 2016 ikiwa na faini ya euro 1,500 inayopanda hadi 3,750 kwa anayerudia, na Ireland mwaka 2017. Tathmini rasmi iliyofanywa Sweden mwaka 2010 ilisema ukahaba wa barabarani ulikuwa umepungua kwa nusu hivi. Lililonigusa zaidi ni jambo la kibiashara: polisi wa huko walipokuwa wakisikiliza simu za walanguzi, waliwasikia wakilalamika kwamba Sweden ni soko baya, wateja waoga, kazi nyingi faida ndogo. Mlanguzi ni mfanyabiashara, na bidhaa isiponunulika hapa ataipeleka kwingine au ataacha.

Chaguo la pili linasikika la haki zaidi masikioni mwa watu wengi: usimwadhibu kila mnunuzi, mwadhibu yule tu aliyemnunua mtu aliyelanguliwa au kulazimishwa. Finland ilichukua njia hiyo mwaka 2006, Uingereza na Wales mwaka 2010. Finland ilitaka kwanza ithibitishwe kwamba mwanamume alijua. Nani atakiri kwamba alijua? Mwaka 2015 ikabidi sheria ilegezwe ili itoshe kuonyesha kwamba alikuwa na sababu ya kushuku. Waingereza waliikwepa shimo hilo tangu mwanzo kwa kusema kwamba "sikujua" si utetezi, lakini bado lazima ithibitishwe kwanza kwamba mwanamke yule alilazimishwa, na waliofikishwa kortini wamekuwa wachache mno. Kwa hiyo chaguo hili ni zuri kwenye karatasi na zito sana kortini. Fikirieni mahakama zetu: kesi ya ulanguzi yenyewe yaweza kuchukua miaka, shahidi amekwisha rudishwa kwao, na kesi ya mnunuzi ingali inangoja ile ya kwanza iishe.

Chaguo la tatu ni kuhalalisha biashara yote na kuisimamia, kama Uholanzi ilivyoyaruhusu madanguro mwaka 2000 na Ujerumani ilivyofanya mwaka 2002. Hoja ni kwamba kitu kikiwa mwangani kitaonekana. Ujerumani ililazimika kurudi nyuma: mwaka 2016 ikaweka kosa la kumnunua mtu unayejua analazimishwa, na mwaka 2017 ikaanza kudai leseni kwa madanguro na usajili kwa wanawake. Utafiti wa wanauchumi uliochapishwa mwaka 2013, ukitazama nchi zipatazo 150, ulikuta kwamba kwa wastani nchi zilizohalalisha hupokea watu wengi zaidi waliolanguliwa. Takwimu za ulanguzi ni dhaifu kila mahali, na wakosoaji wa utafiti huo wamelisema hilo, lakini mwelekeo wake hauwapi moyo wanaotaka soko lipungue.

Upande wa pili una hoja nzito na haufai kupuuzwa. KESWA, muungano wa wanaofanya biashara ya ngono hapa Kenya, unataka makosa yote yanayohusu watu wazima wanaokubaliana yaondolewe. Amnesty International, shirika la haki za binadamu, ilichukua msimamo kama huo mwaka 2016. Wanasema mnunuzi akiogopa kukamatwa atamlazimisha mwanamke wakutane gizani, mbali na watu, bila muda wa kumpima kama ni mtu wa hatari. Hofu hiyo ni ya kweli. Watu zaidi ya 250 wanaofanya biashara hiyo, wanawake na wanaume, walioipinga sheria ya Ufaransa waliipeleka Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, na Julai 2024 mahakama ikasema sheria hiyo haikukiuka haki zao za faragha. Uamuzi huo hauwafuti wanawake wanaosema maisha yao yamekuwa magumu zaidi. Mimi naegemea Sweden. Ila naegemea nikijua kwamba sheria ya namna ile huku, mikononi mwa polisi wanaozoea kitu kidogo, inaweza kugeuka mradi wa kuwatoza wanaume hongo barabarani bila kesi hata moja.

Kwa kikundi cha mtaa, gharama ya njia hii ni muda. Katiba inampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi bungeni kupitia kifungu cha 119, na saini mnaweza kuzikusanya. Lakini mswada hupita mikono mingi, na mwaka wenu mmoja utaisha kabla ya kusomwa mara ya pili.

Jambo moja tu halihitaji mswada. Msichana akiwa chini ya miaka 18, mnunuzi ana kosa tayari. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inampa aliyemnajisi mtoto wa miaka 16 au 17 kifungo kisichopungua miaka 15; wa miaka 12 hadi 15, kisichopungua miaka 20; wa miaka 11 kushuka, maisha. Na kumpa mtoto au mzazi wake pesa, simu au chochote kwa nia ya kulala na mtoto huyo ni kosa lenye angalau miaka 10, hata kama hakuna aliyeita jambo hilo ukahaba. Wanaume wengi wanaojiita masponsa hawajawahi kusomewa kifungu hicho. Wasomeeni.

Njia ya tatu: kufunga milango ya nyumba

Kabla mnunuzi hajalipa, lazima pawe na chumba. Na chumba kina mwenyewe, kina meneja, kina soja wa geti, kina mama anayefua mashuka. Zamani chumba hicho kilikuwa loji ya River Road. Sasa mara nyingi ni fleti ya kukodishwa kwa siku Kilimani, Roysambu au Kasarani, iliyotangazwa mtandaoni, funguo zikiachwa kwenye kisanduku cha namba, mwenye nyumba na mgeni wasionane kamwe. Zipo pia klabu za Parklands na Westlands zilizowahi kuingizwa na wapelelezi, wakakuta wasichana kutoka Nepal na Pakistan walioletwa kwa mikataba ya kucheza densi ya mujra, pasipoti zao zikiwa mikononi mwa wengine.

Sheria ya 2010 ina jino hapa ambalo halitumiki vya kutosha. Mtu anayekodisha nyumba akijua, au kuiruhusu itumike kwa kuendeleza ulanguzi, anakabiliwa na kifungo kisichopungua miaka 20 au faini isiyopungua shilingi milioni 20. Mwenye fleti anayepata laki moja kwa mwezi akisikia milioni 20, anasikiliza. Sijaona hoja ya kimaadili inayomfikia mwenye nyumba haraka kama hesabu hiyo.

Je, njia hii inamgusa anayelipa? Inamgusa kwa kumnyima mahali pa faragha. Mnunuzi wa Nairobi anategemea kutoonekana kuliko kitu kingine chochote. Geti lenye daftari la wageni, kitambulisho kinachoandikwa, kamera kwenye ngazi na soja aliyeelezwa cha kutazama humfanya mwanamume mwenye mke na cheo ageuze gari. Wala hamhitaji kumwaibisha au kumpiga picha. Msifanye hivyo, ni hatari na mnaweza kushtakiwa. Kuandika jina kwenye daftari kunatosha.

Soja atazame nini? Msichana asiyetoka peke yake hata kwenda dukani. Simu yake inashikwa na mtu mwingine. Hajui jina la mtaa aliomo. Chumba kinaongezwa siku moja moja kwa pesa taslimu au kwa M-Pesa ya mtu ambaye hajawahi kuonekana, na wanaume tofauti wanapanda kwa dakika chache kila mmoja. Dalili moja peke yake haitoshi. Na uraia si dalili. Mganda, Mhabeshi au Mnepali anayepanga kwa amani hapaswi kugongewa mlango kwa sababu ya lafudhi yake.

Hatari kubwa ya njia hii ilionekana Oslo. Kuanzia mwaka 2007 polisi wa huko waliwatishia wenye nyumba kwa mashtaka ya kunufaika na ukahaba, na wenye nyumba wakawatupa wanawake nje, wengine kwa muda wa saa chache. Ripoti ya Amnesty ya mwaka 2016 ilieleza jinsi wanawake walivyokuwa wakiogopa kuripoti kubakwa kwa sababu polisi wangewajua wanakoishi na wangefukuzwa. Hilo linaweza kutokea Kasarani kesho asubuhi. Mwenye nyumba akiogopa milioni 20, jambo rahisi kwake ni kubadilisha kufuli, na aliyelanguliwa anahamishiwa Mlolongo usiku huohuo.

Kwa hiyo kikundi kikienda kwa wenye nyumba, kisiende na kitisho pekee. Kiende na utaratibu: ukishuku, usifukuze, usimuulize ajenti, piga simu. Mtoto, 116, ni bure. Ukatili wa kijinsia, 1195, bure pia. DCI, idara ya upelelezi ya polisi, wana namba ya kuripoti kwa siri, 0800 722 203, na wana kitengo cha kupambana na ulanguzi na kulinda watoto. HAART Kenya, shirika la hapa Nairobi lililoanzishwa mwaka 2010 kwa kazi hii hasa, linajua namna ya kumpokea msichana baada ya mlango kufunguliwa. Zungumzeni nao kabla, ili simu ya kwanza isiwe ya kujitambulisha.

Kuna ndugu wa njia hii: kupiga vita matangazo ya mtandaoni. Marekani iliifunga tovuti ya Backpage Aprili 2018, na matangazo yakatawanyika kwenye tovuti na vikundi vingine. Kikundi cha mtaa hakiwezi kushinda mbio hizo. Ripotini mnachokiona na mrudi kwenye nyumba, kwa sababu tangazo linahama kwa dakika moja lakini fleti haihami.

Njia ya nne: kuzungumza na wanaume na wavulana

Hii inamlenga mnunuzi moja kwa moja kuliko zote, na matunda yake huchelewa kuliko zote. San Francisco ilianza mwaka 1995 kuwapeleka wanunuzi waliokamatwa kwenye darasa la siku moja, wakisikia kutoka kwa wanawake waliotoka kwenye biashara hiyo. Watafiti wamebishana kuhusu kiasi gani lilisaidia. Sweden ina washauri wanaowapokea wanaume wanaotaka kuacha kununua. Huku kwetu, shirika la Ujamaa Africa limeendesha mafunzo kwa wavulana wa shule katika vitongoji duni vya Nairobi, na utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba wavulana waliohudhuria walibadilisha mtazamo kuhusu wasichana na waliingilia kati zaidi walipoona msichana akidhulumiwa. Mafunzo hayo yalihusu ubakaji, hayakupima kununua. Hata hivyo uwezo ni uleule: kusema "wacha" mbele ya marafiki.

Mazungumzo ya namna hii hufa yakiendeshwa kwa aibu. Mhubiri akisema ukahaba ni dhambi, wanaume wanaitikia amina na hakuna kinachobadilika, kwa sababu kila mmoja anadhani anasemwa mwingine. Yanazaa yakigusa uongo ambao mnunuzi anajisimulia: kwamba msichana yule amependa, kwamba anamsaidia, kwamba tabasamu lake ni la kweli. Mwelezeni deni linavyofanya kazi. Ajenti alilipa nauli, chakula, nguo, akaandika kila kitu kwa bei mara tatu. Msichana analala na wanaume kumi na pesa zote zinakwenda kwenye daftari la ajenti, na kodi ya kitanda inaongezwa kila wiki. Tabasamu ni sehemu ya kazi, na asipotabasamu anapigwa. Mwanamume aliyelijua hilo hawezi tena kusema hakujua, na baadhi yao, nimewaona wakikaa kimya muda mrefu, wanaanza kuuliza maswali ya maana.

Mwendeshaji awe mwanamume anayeheshimiwa na hao hao: mwenyekiti wa stendi ya bodaboda, kocha wa timu ya mtaa, kinyozi. Dereva wa bodaboda ana faida ya ziada, kwani yeye ndiye anayewabeba wasichana na wateja na anajua geti lipi linafunguliwa saa nane usiku.

Ukiweka zote pamoja

Kikundi cha wakazi chenye usemi katika jengo au mtaa wake kianze na nyumba. Sheria ipo, hatua ya kwanza inaweza kuchukuliwa wiki hii, na mnunuzi anaikuta getini. Kikundi cha vijana, timu ya mpira au ushirika wa wanaume kiende njia ya nne, kikijua kwamba kinafanya kazi ya miaka, na kiibebe ile orodha ya vifungo vya Sheria ya 2006 kwa sababu inasikilizwa. Mawakili, wanafunzi wa sheria na mashirika yenye watu wa kulipwa ndio wanaofaa kubeba mswada wa kumwadhibu mnunuzi, na wawaketishe mezani wanawake wa biashara hiyo kabla ya kuandika mstari wa kwanza. Msako msimpe mtu yeyote.

Kama mtachukua ya nyumba, ombeni mambo matatu kwa mwenye jengo: sentensi kwenye mkataba wa kila anayekodisha kwa siku kwamba nyumba haitatumika kwa ulanguzi au unyonyaji wa kingono, daftari la wageni linalojazwa saa zote, si mchana tu, na zile namba tatu zibandikwe ndani ya mlango wa kila choo, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, kwa sababu chooni ndiko mahali pekee ambapo msichana anayelindwa hubaki peke yake. Mwenye jengo akikataa, mwombeni aeleze sababu mbele ya mkutano wa wapangaji wake.